Kabla ya bendera kulikuwa na mizani ya pamba

Kila Saba Saba redio inaturudisha Dar es Salaam. Watu 17 wamekutana, tarehe 7 Julai 1954, chama kinaitwa TANU, Mwalimu amekuwa rais wake, na kutoka hapo msimulizi anakimbia bila kupumua hadi Desemba 9, 1961. Nikiisikiliza hadithi hiyo naona imeruka ziwa. Katika wale 17 alikuwemo Saadani Abdu Kandoro, mshairi mzaliwa wa Kigoma aliyefanya siasa hapa Mwanza, na TAA, chama kilichoitangulia TANU, ya Jimbo la Ziwa ilikuwa miongoni mwa zilizochemka kuliko zote nchini. Halafu, TANU ikiwa bado haijafikisha hata mwaka, serikali ya mkoloni ikakataa kuisajili Usukumani. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Wenzetu wa Pwani wana miaka minne ya mikutano ya Mnazi Mmoja. Sisi tuna miaka minne ya kuongelea siasa kwenye maghala ya pamba.

Naishi Igoma na kazi yangu iko wilaya ya Magu: ni karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, napima pamba na kuandika stakabadhi. Msimu ukifunguliwa, vijana wanaoleta pamba ya wazazi wao hukaa kwenye foleni muda mrefu, na foleni ikikaa, siasa zinaanza. Huuliza kwa nini kila kitu nchi hii kinataka kibali. Kwa nini mshindi anashinda kwa asilimia tisini na kitu. Kwa nini ushirika unaitwa wa wakulima lakini serikali ndiyo inauunda na serikali ndiyo inauvunja. Wengi wana jibu tayari, nalo ni jina la rais mmoja au mwingine, kutegemea nani anamchukia nani. Jibu langu huwachosha kidogo, kwa sababu linaanzia mwaka 1950.

Nianze na mizani, maana ndiyo ninayoijua. Pamba ikifika naikagua, safi kwake, fifi, yaani ya daraja la chini, kwake, kisha inapanda kupimwa. Wakati huo mkulima haangalii pamba yake. Anaangalia mkono wangu na namba inayosomeka. Kuna mama huja na mwanawe wa darasa la sita ili mtoto aisome namba kwa sauti, watu wote wasikie. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningekuja na wawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shughuli ilikuwa hii hii, ila waliosimama nyuma ya mizani walikuwa wengine. Vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, na wanunuzi wao ndio waliopima, ndio waliosema hii safi na hii fifi, ndio waliolipa. Mkulima wa Kwimba au Ukerewe alifunga furushi lake nyumbani akijua lilivyo zito, na akifika kwa mnunuzi anaambiwa limepungua, wakati hakuna palipotoboka. Malalamiko yalikuwa ya kila msimu.

Kilichofuata hakikuwa maandamano. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, mzigo ukapimwa na mtu wao pia, si wa mnunuzi peke yake. Namba zikigombana, kuna wa kumuuliza. Paul Bomani, kijana mzaliwa wa upande wa Musoma, wakati huo akiwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, ndiye aliyezunguka vijijini kuwaunganisha. Vikundi vikawa vyama vya msingi, vyama vya msingi vikawa na muungano wao mwaka 1955, ule uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia uhuru, muungano huo ulikuwa unakusanya pamba ya Kanda ya Ziwa nzima, una vinu vyake, na ulitajwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote uliomilikiwa na Waafrika.

Fikiria maana yake kwa mtu wa kijijini. Kabla hajaona kadi ya TANU, alikuwa ameshakaa kwenye mkutano mkuu, amechagua mwenyekiti, amesikiliza hesabu zikisomwa, amemtoa mweka hazina ambaye hesabu zake hazikukaa vizuri. Alijua kwamba cheo kina muda wake na kwamba stakabadhi ni silaha. Serikali ya Gavana Twining ilipoifungia TANU huku, ushirika iliuacha, kwa sababu ni biashara na pamba ilikuwa inaingiza fedha za kigeni. Kwa hiyo watu wale wale wakaendelea kukutana, ajenda ya kwanza bei ya pamba, na mengineyo yakawa mengi sana.

Sababu iliyotolewa ya kuifungia ni uchochezi. Wakati ule Usukumani kulikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo uliokuja na sheria ndogo juu ya sheria ndogo: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, ogesha mifugo na ulipie. Mengine yalikuwa ya maana kitaalamu, sikatai, ardhi ilikuwa inachoka. Lakini aliyekataa alipigwa faini na mtemi wake, na mtemi naye alikuwa ameelekezwa na bwana wilaya. Kwa jicho la serikali, anayehoji sheria ya ng'ombe ni mtu wa TANU, na mtu wa TANU ni mchochezi. Mwalimu mwenyewe mwaka 1957 alizuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara, na mwaka 1958 akashtakiwa kwa makala iliyowashambulia mabwana wilaya wawili kwenye gazeti la chama. Mahakama ilimpa chaguo la faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Mwaka huo huo ndio wa Geita. Nina jirani, mzee aliyezaliwa huko Geita, ng'ambo ya ghuba, wakati ule akiwa mtoto wa kuchunga. Serikali ilikuwa imeanzisha halmashauri ya wilaya ya watu wa rangi zote, Wazungu na Wahindi wakiwa na viti vyao kwenye wilaya ambayo walikuwa wachache mno. Watu wakaikataa. Wakafunga safari kwa mamia, wakavuka ghuba kuja Mwanza kwa mkuu wa jimbo. Leo mtu anavuka Kigongo–Busisi kwa dakika chache juu ya daraja lililozinduliwa Juni 2025, na bado analalamika foleni. Wao walikuja kwa miguu na vyombo vya majini, na wakakaa wakisubiri jibu. Jibu likawa mabomu ya machozi.

“Mayu,” yaani mama, mzee huniambia, “baba hakwenda kudai uhuru. Alikwenda kusema hatukuulizwa.” Baba yake alirudi na macho mekundu na hasira ambayo haikuwahi kuisha. Na serikali ilirudi nyuma. Mpango wa halmashauri zile uliachwa, Turnbull akachukua nafasi ya Twining ya ugavana, na TANU ikaruhusiwa Usukumani. Huwa nawaambia vijana wa foleni kwamba kama kuna mahali pamoja pa kuanzia kuielewa siasa ya Mwanza, ni sentensi hiyo ya mzee. Huku mtu anaweza kuvumilia bei mbaya, mvua mbaya na barabara mbaya. Kutokuulizwa ndiko kunakomfanya avuke ghuba.

Kuna jambo jingine la 1958 ambalo siku hizi linatajwa ovyo. Januari mwaka ule TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Ulikuwa mfumo wa dhuluma waziwazi, tena wapiga kura walichujwa kwa kisomo na kipato. Wengi walitaka kususia. Mwalimu akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, ANC. Ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Chadema iliposema bila mabadiliko hakuna uchaguzi mwaka 2025, watu wengi waliwapiga kwa Tabora: mbona waasisi waliingia?

Nakubali Tabora ilikuwa busara. Lakini anayeitaja aitaje yote. Mwaka 1958 mkoloni alichora uwanja kwa upendeleo, akamruhusu kila mchezaji aingie, na kura zilipohesabiwa akakubali kwamba wagombea walioungwa mkono na TANU wameshinda. Wale waliokuwa Tabora walibishana kuhusu mchezo wenye matokeo yasiyojulikana. Mwaka 2025 Chadema haikuwa na mgombea kwenye karatasi, kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, mtu wa hapa Kanda ya Ziwa aliyekuwa mbunge wa Kisesa huko Meatu, aliondolewa, mahakama ikamrudisha, Tume ya Uchaguzi ikamwondoa tena. Ukitaka kumlaumu aliyesusia mwaka jana kwa kumlinganisha na aliyeingia 1958, kwanza nionyeshe hao wawili walikuwa wanazungumzia kitu kimoja.

Sasa nije kwenye sehemu inayonipa matatizo na wazee wa chama, baadhi yao watu ninaowaheshimu sana.

Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, alikoshinda Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyegombea kama mgombea binafsi baada ya chama kumpitisha mwingine. Taifa halikuanguka. Leo mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alihangaika mahakamani kwa miaka, hadi mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na sheria haijabadilika. Ukimwambia kijana kwamba jambo hilo lilikuwepo mwaka mmoja kabla ya uhuru, anadhani unamtania.

Mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Angalia mwaka huo vizuri, kwa sababu watu hupenda kuihusisha na maasi ya jeshi. Jeshi liliasi Januari 20, 1964, na hofu ya siku zile ilikuwa ya kweli: Zanzibar ilikuwa imepinduliwa wiki moja kabla, na Mwalimu alilazimika kuwaita askari wa Uingereza. Simcheki mtu aliyeogopa. Lakini sheria ilikuwa imeshatangulia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Maasi yaliwapa watawala sababu ya kuitumia, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, shirikisho lao likavunjwa na kuundwa NUTA chini ya mkono wa serikali. Watemi walikuwa wameshafutwa mwaka 1963. Mwaka 1965 katiba ikatamka chama kimoja. Novemba 1962, kabla ya mengi ya hayo, uchaguzi wa kwanza wa rais ulikuwa na wagombea wawili, Mwalimu na Mtemvu, na Mwalimu alipata asilimia 98.

Asilimia ile naiamini. Mtemvu hakuwa na watu, na Mwalimu alikuwa anapendwa kwa namna ambayo vizazi vyetu havijawahi kumpenda mtu. Tatizo ni kwamba namba ile ilibaki kichwani mwa wakubwa kama kipimo cha ushindi halali. Oktoba 2025 Tume ilitangaza asilimia zaidi ya 97, baada ya siku za vurugu, risasi na intaneti kuzimwa, Mwanza ikiwemo. Siandiki hapa niliyoyaona mtaani kwetu siku zile. Waliofiwa ni majirani zangu, na si hadithi yangu kuisimulia. Ninachosema ni kwamba anayetangaza 97 anajiona yuko kwenye mstari wa 1962, na aliyesimama mitaani hapa Mwanza, Furahisha au Igoma, anajiona yuko kwenye mstari wa Geita 1958. Wote wawili wanasema wanawaenzi waasisi. Na ajabu ni kwamba wote wawili wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu waasisi walikuwa watu wale wale: waliofungiwa mwaka 1954, wakafungia mwaka 1965.

Ndani ya chama kimoja, hata hivyo, Kanda ya Ziwa haikusahau mambo yake ya mkutano mkuu. Uchaguzi wa 1965 uliruhusu wagombea wawili wa TANU kila jimbo, mmoja na alama ya jembe, mwingine nyumba. Bomani, mtu wa mizani, sasa Waziri wa Fedha, akaanguka. Waziri wa Fedha wa nchi, baba wa ushirika wetu, ameangushwa na wakulima wa pamba kwa kura! Mwalimu akamrudisha bungeni kwa njia ya kuteuliwa na akampa wizara nyingine, na baadaye akawa balozi Marekani kwa miaka mingi. Mzee jirani yangu hucheka meno yote nje anaposimulia hilo. Anasema Bomani alikuwa mtu mzuri, ila alikaa sana mjini.

Kwa hiyo mwaka 2010, Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipoangushwa Nyamagana na Ezekia Wenje wa Chadema, na Ilemela nayo ikaenda Chadema, magazeti yaliandika kana kwamba upepo mpya umevuma. Hapakuwa na upya wowote. Huku waziri huangushwa. Wanaopanga siasa za Mwanza kutoka Dodoma wangefanya vizuri kulikumbuka hilo kila wanapoona wagombea wengi wanapita bila kupingwa.

Ushirika wenyewe uliishaje? Uliishia mikononi mwa serikali, na hapa nawanyooshea kidole wenzangu pia. Katikati ya miaka ya 1960 wakulima walianza kulalamika tena kuhusu mizani, safari hii nyuma yake akiwa mtu wa kwao. Wafanyakazi walikuwa wengi kuliko kazi, fedha zikapotea, ndugu wakaajiri ndugu. Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1966, malalamiko yakathibitika, na ikaingia kuuendesha yenyewe. Muungano ule ukageuzwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa kwa amri na pamba ikabaki kwa mamlaka ya serikali. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha, kwa amri vilevile. Wizi ulikuwa wa kweli, na dawa iliyotolewa ilikuwa kumnyang'anya aliyeibiwa. Mkutano mkuu ungeweza kuwatoa wezi, kama ulivyowahi kuwatoa wengine. Haukuulizwa.

Ndiyo maana AMCOS yangu, ambayo kwenye karatasi ni ya wanachama, hupokea maelekezo ya kila aina kutoka juu: nani anunue, lini tufungue, bei dira ni ipi. Mengi hayana ubaya. Lakini nikimsikia mkulima anauliza “serikali imesemaje?” kuhusu fedha zake mwenyewe, najua anaendelea na mazungumzo yaliyoanza kabla sijazaliwa.

Novemba 2025 Rais aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea wakati wa uchaguzi, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Vijana wa foleni wananiuliza itasaidia nini. Nawakumbusha tume nyingine iliyoongozwa na Jaji Mkuu, Francis Nyalali, ile ya mwaka 1991. Wengi wa waliohojiwa, takriban asilimia 80, walisema chama kimoja kiendelee, na tume bado ikashauri vyama vingi, ikafuatwa. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba tume ile iliorodhesha pia sheria 40 kandamizi, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Vyama vingi tulivipata mwaka 1992. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 ilikuwa kwenye orodha hiyo, na kwenye toleo la sheria zetu la 2002 bado imo, Sura ya 361.

Ripoti ya sasa nikiipata, sitaanza na kurasa za maridhiano. Nitafungua sehemu ya sheria, nitafute Sura ya 361.